Ndama Niliyeahidiwa

Juzi alikuja kijana wa mifugo kufundisha kikundi chetu cha akina mama, katika darasa la shule ya msingi, akaanza kwa kuchora ng'ombe ubaoni. Mchoro ulikuwa mbaya, miguu mitano ukihesabu mkia, lakini kazi yake aliijua. Akauliza ni nani atamtajia dalili za ng'ombe aliye kwenye joto. Mikono ikainuka. Mmoja akasema analia ovyo. Mwingine akasema anapanda wenzake, na akipandwa anasimama tuli. Msichana mmoja aliyeolewa juzi juzi, na baba mkwe wake ameketi dawati la nyuma kwa kuwa ndiye mlinzi wa shule, akasema bila kupepesa macho kwamba ute hutoka, mwangavu kama ute wa yai, ukaning'inia mpaka kwenye mkia. Watu wakapiga makofi. Baba mkwe akapiga makofi pia.

Mimi sikuinua mkono. Kijana aliniona nimenuna akadhani sijui jibu. Akaniambia kwa upole, "Usijali mama, tutarudia pole pole." Nilitaka kumnyang'anya ile chaki nimrushie.

Dalili hizo nilizijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilizijua kuliko mwanamume yeyote wa mlima ule, nikazikalia kama kuku anayeatamia mayai viza. Leo zimekuwa somo la kupigiwa makofi. Nilirudi nyumbani na hasira ya zaidi ya miaka ishirini, na nimeamua kuiandika kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwasamehe watu.

Nilizaliwa upande wa Tulia, Kitui, kwenye ng'ombe wadogo wenye nundu, wale wanaokula miiba na kushukuru. Baba yangu hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo mchungaji nilikuwa mimi. Huko hakuna aliyeuliza ng'ombe ana joto lini. Fahali alitembea na majike yake mchana kutwa, usiku wakalala zizi moja, na akinusa jambo lake alilimaliza bila kumsumbua mtu. Sisi tulikuja kujua tumbo likishaonekana. Lakini mtoto anayechunga huona mengi, na hakuna anayemwambia afumbe macho. Jike akianza kutotulia, akiacha majani na kuinua kichwa kama anayeitwa, nilijua ni saa ngapi atasimama apandwe.

Nikaolewa Makueni, juu milimani, kwenye ukungu na kahawa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa ghala huko Mombasa na alikuja nyumbani Krismasi tu. Nikaachwa na baba mkwe, mama mkwe, binti yangu mchanga mgongoni, na mtamba mmoja mwekundu mwenye uso mweupe.

Huyo mtamba alikuwa wa gredi, yaani wa damu ya kizungu, wa kwanza katika boma lile. Baba mkwe alitoa ng'ombe kadhaa wa kienyeji kumpata, na wale waliobaki akawapeleka kwa ndugu yake huko Kibwezi, nyikani, akabakisha jike mmoja mzee wa kumpa mtamba kampani. Gredi hataki mchezo. Kila wiki dipu, aogeshwe dawa, la sivyo kupe wamlaze na ndigana. Chumvi ya kulamba. Majani ya kukatiwa na maji ya kuletewa, madebe manne kwa siku kutoka mtoni, na punda wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Nilipanda ule mlima na debe kichwani na mtoto mgongoni mpaka shingo yangu ikawa nene kama ya mpiga ngumi.

Labda baba mkwe aliiona hiyo shingo. Siku moja mama mkwe alikuja jikoni kwangu na uso wa mtu aliyebeba kitu chini ya kanga. Tulimwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wote wanavyomwita mama wa nyumba.

"Mzee amesema ndama ya kwanza ya huyu mtamba ni yako," akaniambia. "Ikiwa ya kike, utakamua. Mtoto wako akunywe maziwa ya ng'ombe ya mama yake."

Nilimwomba arudie. Mwanamke wa siku zile alikuwa na jembe, chungu na kuni. Kuwa na ng'ombe, ng'ombe anayeitwa wako mbele ya watu, halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Mama yangu mzazi alikufa bila kumiliki hata mbuzi kilema. Kuanzia siku ile sikumbeba mtoto mmoja tu. Nilikuwa nikimwaza yule ndama nikikata majani, nikiteka maji, nikilala. Nilimchagulia hata mahali pa kumfunga.

Ila mtamba hazai kwa kuahidiwa. Mlimani hakukuwa na fahali wa gredi. Palikuwa na gari la mbegu. Kila asubuhi lilipita barabara ya juu, likasimama kwenye boma la miti, refu na jembamba, ambalo watu waliita krashi. Mwenye ng'ombe aliye kwenye joto alimwingiza humo, na bwana wa mbegu akatoa mrija kwenye mtungi uliofuka moshi wa baridi, akavaa glavu ndefu mpaka begani, akafanya kazi ya fahali kwa dakika mbili. Watu walimwita dume la chupa. Kazi hiyo ina masharti. Joto la ng'ombe ni la muda mfupi, halimalizi hata siku moja nzima. Ukimwona anasimama kupandwa asubuhi, mpeleke siku hiyo hiyo. Ukimwona jioni, mpeleke kesho asubuhi. Ukichelewa, mbegu inamwagwa bure na unasubiri wiki tatu nyingine.

Haya yote bwana wa mbegu aliyafundisha vizuri sana, siku ya dipu, kwa wanaume. Mimi niliyasikia nikipita na debe. Wanaume walikuwa wakitikisa vichwa kwa makini, na hakuna hata mmoja wao aliyeshinda na ng'ombe. Tulioshinda na ng'ombe tulikuwa tunapita na madebe.

Hapa lazima niseme kuhusu nthoni. Ni neno letu la haya, lakini haya iliyowekewa sheria. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani mpaka apite. Hutaji jina lake, huketi alipoketi, humpi chakula mkononi. Na kuhusu mambo ya mwili, ya kuzaa, ya kupanda na kupandwa, afadhali umeze kaa la moto kuliko yatoke kinywani mwako naye akasikia. Sheria hiyo haikuishia kwake, ilifika kwa ndugu zake na kwa wazee wa rika lake, yaani kila mwanamume mwenye mvi pale mlimani. Sikatai kwamba ilikuwa na heshima yake. Katika miaka minne baba mkwe hakunitukana, hakuninyanyasa, hakuniinulia sauti. Hakuniambia neno lolote.

Basi fikiria mpango wenyewe. Anayemwona ng'ombe mchana kutwa ni mimi. Anayeruhusiwa kumpeleka krashi ni yeye. Kati yetu kuna mwaitu, ambaye naye, mama wa watu, alilelewa vizuri kupita kiasi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne. Asubuhi mapema, umande bado mwingi, mtamba akampanda jike mzee, kisha jike mzee akampanda yeye na yeye akasimama kama aliyechongwa. Nilikimbia nyumbani. "Mwaitu, mtamba anapan..." Sikumaliza. Mwaitu alinifunika mdomo kwa mkono wenye unga, kwa sababu baba mkwe alikuwa ameketi hatua ishirini hivi, anatia jembe mpini. "Maneno hiyo inangoja akule," akaninong'oneza. Baada ya kula wakaja wageni. Wageni walipoondoka kulikuwa na kanisa. Alimwambia wakati wa kulala. Kesho yake baba mkwe alimpeleka mtamba akiwa amependeza, amesuguliwa, na amepoa.

Nilihesabu siku ishirini na moja kwa punje za mahindi ndani ya kibuyu. Ikaja mara ya pili, jioni, na mwaitu ameenda kwa dada yake. Nilifikiri sana. Mwishowe nikamfunga mtamba kwenye nguzo ya njiani, mahali baba mkwe angempita akienda kulala, ili amsikie akilia na amwone akizungusha mkia. Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi nikiangalia. Baba mkwe alisimama, akamtazama, akamsikitikia. Akamletea maji. Mimi niliyemnywesha madebe manne siku ile ile nilisimama nyuma ya ghala nikimwangalia mzee anambembeleza mtamba anywe.

Mara ya tatu mwaitu alikuwepo na aliharakisha, Mungu amlaze pema. Alimwendea mumewe saa ile ile nilipomwambia, akamwambia kwa adabu zake zote, "Huyu mtamba hakulala vizuri." Baba mkwe akaelewa kwamba ni mgonjwa. Akatoka mbio, akarudi na dawa ya minyoo, akamshika pua, akamimina chupa nzima. Baadaye mwaitu alipata ujasiri wa kuongeza neno moja, na asubuhi iliyofuata wakaenda krashi. Bwana wa mbegu akamtia mbegu huku analalamika. Maneno yake yalinifikia kwa mdomo wa mwaitu.

"Mzee, hii ng'ombe unaniletea ikiwa imepoa kila siku. Nani anaiangalia huko nyumbani?"

"Watu wa nyumbani," baba mkwe alijibu.

Watu wa nyumbani. Huyo nilikuwa mimi.

Kuna msemo kwamba mficha uchi hazai. Sisi tulificha uchi wa ng'ombe. Tulimstahi kama mama mchungaji, na yeye maskini alikuwa akilia hadharani, ameinua mkia, akitueleza kila kitu bila nthoni hata kidogo.

Mwezi wa saba ikaja habari kutoka Kibwezi kwamba ndigana imeingia kwenye wale ng'ombe wa kienyeji. Baba mkwe alifunga safari kwenda kuokoa atakaoweza. Siku mbili baadaye mwaitu aliitwa kwenye matanga. Kulipokucha nikawa peke yangu na binti yangu, na mtamba akawa amesimama mlangoni mwa zizi anabweka kama mbwa. Jike mzee alimpanda mara tatu nikiangalia. Ute ulikuwa mwangavu, mrefu, umeshuka mpaka kwenye kwato.

Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa shujaa. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikamtia mtamba kamba, nikatoka. Wanawake wa njiani waliniuliza nampeleka wapi, nikasema dipu, na haikuwa siku ya dipu. Kwenye krashi walikuwepo wanaume sita au saba, wawili wa rika la baba mkwe. Walipoona ni mwanamke wakageuza nyuso, wakatazama bonde, wote pamoja, kana kwamba bondeni kuna sinema. Mmoja wa vijana akacheka. Nilimwingiza mtamba mwenyewe. Nilimshika mkia mwenyewe, nikauvuta kando, mbele yao.

Bwana wa mbegu hakuwa Mkamba, na nthoni yetu haikumhusu. "Mama, hii imeanza kupandwa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Sawa kabisa. Leo umenipatia saa yenyewe." Akaingiza mkono, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza, akasema, "Hii itashika." Akaniandikia cheti kidogo, jina la baba mkwe na siku ya kupandishwa. Nilikikunja nikakitia kwenye mkebe wa majani ya chai, chini kabisa.

Siku ishirini na moja zikapita. Mtamba akala, akacheua, akalala. Arobaini na mbili zikapita. Kimya. Hapo nikajua ameshika, na furaha niliyoipata sijaipata tena, hata kwa wanangu sita.

Mtu ataniuliza, mbona hukusema? Nami nauliza, ningemwambia nani, na kwa mdomo upi? Wale wazee wawili wa krashi hawakusema kitu, kwa sababu kusema wangelazimika kutaja walichoona. Mwaitu niliogopa. Nilimwandikia mume wangu barua, nikamweleza yote kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, nikamwomba amwambie baba yake akiandika. Jibu lilichukua mwezi mzima. Lilikuwa mistari mitatu. "Mambo ya ng'ombe ni ya baba. Usiniingize. Tumbo litasema lenyewe."

Tumbo lilisema, lakini kwa lugha ambayo pale nyumbani ilieleweka vingine. Kila baada ya wiki tatu mwaitu aliniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa. Hajapanda. Akaenda akamwambia mumewe, "Siku hizi mtamba analala vizuri." Mzee sasa alikuwa ameshaielewa ile lugha. Akaelewa kwamba mtamba ameacha hata kutaka. Ng'ombe aliyekataa dume la chupa, na sasa amekauka kabisa. Akaanza kunenepa, manyoya yakang'aa, na kila aliyepita akasema ng'ombe tasa ndivyo walivyo, chakula chote kinaenda kwenye mafuta. Dalili zile zile nilizozifurahia mimi asubuhi, wao walizisoma jioni kama hukumu.

Mwezi wa kumi na moja mwaitu akaniletea neno. "Mzee amesema huyu mtamba ni wa Krismasi. Majirani watachukua mafungu." Kisha akaniona uso wangu. "Usilie. Atanunua ingine. Ahadi yako iko pale pale."

Hapo nikasema. Nilimwambia yote, Kibwezi, matanga, krashi, mkia. Nilitoa cheti kwenye mkebe. Mwaitu hakujua kusoma lakini alikishika muda mrefu.

"Wewe ulisimama hapo na wanaume?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ukashika mkia?"

"Ndiyo."

Akaketi kwenye kigoda changu. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mwanamke mbaya, ingenirahisishia kazi. Alinipenda. Aliponitazama nilimwona anahesabu, ataanza vipi, atatumia neno gani, mzee atauliza nini, watu watasema nini kuhusu boma ambalo mke wa mtoto anapandisha ng'ombe mwenye boma hayupo. Alinirudishia cheti.

"Pengine umekosea," akasema. "Tuombe Mungu uwe umekosea."

Na nadhani aliomba kweli. Mwanamke yule alipiga magoti akaombea tumbo la ng'ombe liwe tupu, ili asilazimike kutamka neno.

Nikabaki na mume wangu. Alifika siku tatu kabla ya Krismasi, mchana, na redio mpya begani. Sikumpa hata maji. Nilimvuta shambani, nikampeleka kwa mtamba, nikamshika mkono nikamwekea ubavuni wa kulia, chini, mahali ambapo ukisukuma kidogo kwa ngumi kitu kinarudi kukugonga. "Umesikia?" Akasema amesikia. Aliutoa mkono haraka.

"Mwambie baba yako leo."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nimesema nitamwambia. Lakini nitasema nimejua aje? Mimi natoka Mombasa leo leo."

"Sema nilikwambia mimi."

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. Mwana kumwambia baba yake kwamba mke wangu ameniambia ng'ombe wako alipandwa. Siku ile yeye na baba yake walikunywa uki, ile pombe yetu ya asali. Kesho yake walitembelea jamaa. Kila nilipomtafuta kwa macho, alikuwa akirekebisha redio.

Asubuhi ya kuchinja walikuja majirani kumi na mmoja. Mwenye duka wa pale sokoni alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, na kwa kuwa naye alichukua fungu, ilibidi achinje yeye. Mtu safi, mpole, aliyenoa kisu chake mbali na macho ya mnyama. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunachemsha maji. Kulikuwa na ufa kwenye ukuta, nami nilikuwa na jicho moja kwenye ufa huo.

Mwenye duka alimpapasa mtamba ubavu, akarudia tena, akainua kichwa.

"Mzee wangu, una hakika huyu hana kitu tumboni?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshika kamba ya miguu ya nyuma. Nikamtazama mwaitu, aliyekuwa bega kwa bega nami, anasikia kila neno. Aliinamia moto akaupuliza, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Ni mafuta," baba mkwe akajibu. "Alikataa mbegu mara mbili. Nina ushahidi wa bwana mwenyewe."

"Basi kama umesema."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwenye kisu ni hatua kumi na tano, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Nilikuwa nimeshatembea na mtamba yule mpaka barabara ya juu mbele ya wanaume saba. Nilikuwa na cheti kifuani. Nilitakiwa kutoka na kusema maneno mawili tu, "Ana mimba." Nilifungua mdomo. Baba mkwe akageuka upande wa jikoni kuomba beseni, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukarudi nyuma ya ukuta kumpisha. Miaka yote ile ya kuingia kichakani ilikuwa imenifundisha vizuri. Nilipoufikia ufa tena, mtamba alikuwa amelazwa.

Nimesema vibaya kuhusu mume wangu na mama mkwe wangu, na sifuti hata neno. Lakini na mimi nilikuwepo.

Walipofungua tumbo nilijua kwa kimya. Wanaume wakichinja hupiga kelele, hubishana juu ya ini, hutaniana. Kelele zikakatika mara moja. Kisha nikasikia mwenye duka akisema kwa sauti ya chini, "La ilaha illallah."

Halafu nikasikia hatua. Baba mkwe alikuja mpaka mlangoni mwa jiko langu, mahali ambapo hakuwahi kufika tangu niolewe. Kivuli chake kikaanguka juu ya masufuria. Mwaitu akasimama. Mimi niligeukia ukuta kama inavyotakiwa, nikavuta kanga usoni.

"Ulijua?" akauliza.

Hakumwuliza mwaitu. Aliniuliza mimi. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia katika miaka minne, na sauti yake kwa karibu haikuwa kama nilivyoizoea, ilikuwa ya mtu mzee kidogo kuliko nilivyodhani. Alisubiri. Mtu wa namna ile, amevunja sheria ya maisha yake yote mbele ya wanaume kumi na mmoja, akasubiri jibu. Cheti kilikuwa kifuani mwangu. Nilitazama chini. Niliona miguu yake, na damu kwenye kidole gumba.

Sikumjibu.

Kisha akamgeukia mkewe, na mambo yakarudi kama yalivyokuwa siku zote.

"Mwambie," akasema, "mimi nilisema ndama wa kwanza ni wake."

Akaondoka. Baada ya kitambo mume wangu akaingia na karai, amegeuza uso pembeni, akaliweka chini karibu na miguu yangu, akatoka. Ndani, juu ya majani ya mgomba, alikuwa amelala akiwa bado na unyevu, mkubwa kama paka, hana manyoya isipokuwa machache mdomoni na juu ya macho. Kwato zilikuwa zimeshafanyika, laini, za manjano. Uso ulikuwa na ule weupe wa mama yake, kama ngozi inavyoonyesha kabla nywele hazijaota. Nikamgeuza taratibu nimwangalie chini ya mkia.

Alikuwa jike.